Hatua Sita Ambazo Santino Hakuzichora

Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana, jua likiwa utosini, nikiwa sijalewa wala sina homa. Naanza na hilo kwa sababu nayajua maswali ya watu. Nimekisimulia kisa hiki kwenye vibanda vya chai kutoka Kitale hadi Lokichoggio, na kila mara hakosi mtu wa kuuliza siku hiyo nilikuwa nimekunywa nini. Chai, ndugu yangu. Chai ya maziwa ya unga. Mambo ya usiku mtu anaweza kuyasingizia giza. Mimi sina cha kusingizia.

Shule niliiacha darasa la sita. Akili haikunipungukia, nilikosa makalio ya kukaa mahali pamoja. Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa turnboi, yaani utingo, wa lori la chakula cha msaada, Lodwar hadi Kakuma, Kakuma hadi Lodwar, nimelala juu ya magunia huku nimejifunga shuka usoni kwa vumbi. Siku moja dereva aliniacha Kakuma kwa sababu nilikuwa nimeifungua redio yake ili nione sauti inakaa wapi. Sikumlaumu. Redio haikuwahi kuongea tena.

Basi nikawa nazurura pale mjini, upande huu wa laga ya Tarach, na kambi ya wakimbizi upande wa pili. Laga, kwa msioijua nchi ile, ni mto usio na maji. Mwaka mzima unavuka kwa miguu juu ya mchanga, mbuzi wanavuka, baiskeli zinavuka. Maji yakija yanakuja mara moja, tena bila mvua kunyesha pale ulipo, kwa maana yametoka kunyesha huko milimani, na kila mtoto wa Kakuma anajua kukimbia akisikia mngurumo.

Kwa fundi wa baiskeli karibu na laga ndipo nilipomwona Santino. Kijana mrefu kutoka Sudan ya Kusini, shati limefungwa hadi kifungo cha shingo, vidole vyeusi kwa wino.

"Nataka habu," alimwambia fundi. Habu ni kile kipande cha katikati ya gurudumu, kinachozunguka.

"Baiskeli iko wapi?" fundi akauliza.

"Sina baiskeli."

"Una gurudumu?"

"Sina."

Fundi akamtazama, akanitazama mimi. "Huyu ni wako?"

Hakuwa wangu, lakini unadhani ningeweza kulala usiku huo bila kujua mtu asiye na baiskeli anataka habu ya nini? Nilimfuata hadi kambini.

Alikuwa anajenga sanduku. Bati lake lilitoka kwenye madebe ya mafuta ya kupikia, yale ya msaada, aliyoyakata na kuyanyoosha. Ndani angeifunga habu, na kuizunguka habu angesimamisha karatasi zaidi ya mia mbili, kila moja imegandishwa kwenye kipande cha katoni na kubanwa kwa mpira wa tyubu. Nje angeweka mkono wa pedeli. Ukiuzungusha, karatasi zinaangukiana moja baada ya nyingine mbele ya tundu, na ukitia jicho kwenye tundu unaona picha inatembea. Juu ya sanduku aliacha ufa wa kuingiza jua, kwa hiyo lilifanya kazi mchana tu, tangu kama saa tano hadi jua linapoinama.

Karatasi zenyewe zilikuwa zimetoka mbali. Santino alikuwa amesoma mwaka mmoja na nusu katika chuo kimoja cha sanaa kule Khartoum, na mwalimu wao aliwapa kazi ya majaribio: chora mtu unayemjua, umfanye atembee. Santino alimchora mdogo wake, Kuol, mwenye miaka kumi, aliyekuwa amekuja kumtembelea likizo. Alimtembeza kwenye ujia wa bweni, huku na huku, hadi mtoto akalia kwa uchovu. Kisha akaanza kazi ya dirishani. Alipigilia misumari miwili midogo juu ya kioo ili kila karatasi ikae palepale ilipokaa ya kwanza. Jua lilipopita nyuma ya kioo aliiona karatasi ya jana kupitia ya leo, akausogeza mguu kiasi cha punje ya mtama. Karatasi kumi na mbili kwa muda wa kutamka neno moja. Miezi minane.

Alinionyesha kwa vidole, akizipeperusha karatasi ishirini hivi mbele ya macho yangu, na nikwambie, nilishikwa na baridi ya furaha. Mtoto wa kaptula na shati kubwa alikuwa anatoka mbali, mdogo kama sisimizi, anakuja. Kingo zake zilitetemeka kidogo muda wote.

"Kwa nini anatetemeka?"

"Hakuna mkono unaoweza kuchora mstari mmoja mara mbili," Santino akasema. "Mwalimu aliita kasoro. Mimi nikamwambia, bila hiyo ni sanamu."

"Na mbona hapepesi macho?"

"Ningemchorea mwishoni, akishafika. Angefika karibu kabisa, apepese, acheke. Zilikuwa zimebaki hatua sita." Alizipanga karatasi zikawa sawa. "Vita vikafika kwetu kusini, nikaacha chuo, nikarudi nyumbani."

Karatasi alizibeba mgongoni ndani ya mfuko wa plastiki, yeye na mama yake na Kuol, kwa miguu, hadi mpaka wa Kenya. Lakini Kuol hakufika mpakani. Hilo Santino aliniambia siku ya nne au ya tano, tukigandisha katoni, bila kuinua uso. Walifika kwenye mto uliofurika. Mama alivushwa kwanza na wanawake wengine. Santino akaingia na Kuol.

"Nilimshika mkono," alisema. "Halafu nikawa nimeshika maji."

Mama yake alipomuuliza ng'ambo ile, alimwambia Kuol amerudi nyuma na watu wa mjomba. Ulimi wenyewe ndio uliosema, akaniapia. Na uongo ule ulikuwa na miaka minne. Kila kundi la wageni lilipoletwa kambini, Mama Santino alikwenda kusimama pale wanapopokelewa na kuzitazama nyuso za watoto. Jambo lililomchoma Santino kuliko yote ni hili: Kuol angekuwa na miaka kumi na minne sasa, lakini mama alikuwa anawaangalia wale wa miaka kumi.

Basi alikuwa ameamua. Jumapili, baada ya ibada, wanawake wa kanisa wangekuja kukaa na mama, naye Santino angesema ukweli mbele yao. Kabla ya kuanza nyimbo, mama angetia jicho kwenye tundu.

"Amwone akija?" nikauliza.

"Amwone akienda."

Hapo ndipo palikuwa na ujanja wake. Ukizungusha mkono kinyume, karatasi zinaanguka kuanzia ya mwisho, na Kuol anaondoka bila kugeuka. Anarudi nyuma, hatua kwa hatua, uso bado uko kwako, anapungua, anapungua, hadi anakuwa nukta na karatasi inabaki nyeupe. Santino alisema hakuna aliyewahi kuagwa vizuri namna hiyo. Alichora mshale mwekundu kwenye bati. "Upande huu tu."

"Na nikizungusha upande ule?"

"Anakuja."

"Ubaya uko wapi?"

"Hafiki," Santino akasema.

Jumatano alipata karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini, akapanda lori kwenda Lodwar. Fundi mmoja wa saa kule alikuwa na kioo cha kukuza, na kioo hicho kwenye tundu kingefanya uso wa Kuol uwe mkubwa kama uso wa mtu. Sanduku aliniachia mimi, chini ya kivuli cha turubai nyuma ya nyumba ya mama yake. Aliniamini. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu nilikuwa nauliza sana, na mtu anayeuliza sana huonekana anajali.

Mama Santino alikuja mchana huohuo. Mwanamke mkavu, mrefu kuliko mimi, Kiswahili chake cha kuokota sokoni.

"Hii ndani iko nini?"

"Picha tu, Mama."

"Ya nani?"

Nikaanza kukung'uta vumbi kwenye bati.

"Santino anachora, mimi nafagia hizo karatasi kila siku," akasema. "Unafikiri sijui uso ya mtoto yangu?"

Aliinama, akalishika sanduku kwa mikono miwili kama mtu anayeshika kichwa cha mwingine, akatia jicho. Ningefanya nini? Nilivuta turubai jua liingie kwenye ufa, nikazungusha kufuata mshale. Nilisikia pumzi yake ikigonga bati. Karatasi zilipokwisha, hakuinua uso.

"Mbona anaenda?"

"Ndivyo ilivyo, Mama."

"Ananiangalia, na anaenda." Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Rudisha. Jena tai, rudisha."

Jena tai ni Kiarabu chao cha Juba, maana yake mwanangu. Ningependa kuwaambia nilizungusha kwa huruma. Huruma ilikuwepo, siikatai. Lakini mkono wangu ulikuwa unawasha tangu asubuhi kuuona upande ule mwingine unafanyaje, na mwanamke yule alinipa ruhusa niliyokuwa naitafuta. Nikauzungusha mkono kinyume cha mshale. Mama Santino akaanza kucheka polepole, akilitaja jina la mtoto, akilitaja tena, hadi karatasi ya mwisho, mtoto aliposimama.

Siku ya pili alipita Nakiru, mama wa Kiturkana aliyekuwa akileta makaa kambini kubadilishana na mahindi. Alitua gunia, akanisalimu, "Ejok," nami nikamwitikia. Waturkana wanaisoma ardhi kama wengine wanavyosoma gazeti. Nakiru akasimama akiangalia chini.

"Hii mtoto ni ya nani?"

"Mtoto gani?"

"Hii ya miguu tupu. Imetoka kwa laga, imekuja mpaka hapa." Alionyesha kwa midomo. "Hapa imeisha."

"Imeisha vipi?"

"Hakuna ya kuingia kwa nyumba. Hakuna ya kurudi. Imeisha tu."

Niliinama. Nyayo ndogo zilikuwa zimetoka upande wa laga kwa mstari ulionyooka, zikakomea mbele ya mlango wa Mama Santino. Nilipima kwa miguu yangu kutoka pale zilipokomea hadi mlangoni. Ukiweka hatua ya mtoto, zilikuwa sita.

"Na angalia," Nakiru akasema, akichuchumaa. "Mtu akitembea, mguu inabadilika. Anakanyaga jiwe, anateleza, anachoka. Hii ni ileile, ileile, ileile. Hii si kutembea, wewe wa lori. Ni kama mtu anapiga muhuri kwa ofisi ya chifu."

Akabeba makaa yake akaenda kuyauza kwingine, na tangu siku hiyo hakutua gunia mbele ya nyumba ile tena.

Mnauliza kama niliacha. Sikuacha. Mchana ule Mama Santino alikuja tena, akasema rudisha, nikazungusha. Ili nimrudishe ilinibidi kwanza nimwondoe, na mama hakutaka kumwona akienda, basi nilikuwa naifungua ile mipira na kuirudisha habu mwanzo kwa mkono, taratibu, karatasi zisianguke. Ndiyo maana nyayo zilikuwa za kuja tu. Hilo nililielewa baadaye. Wakati ule nilijiona fundi.

Siku ya tatu nilimwona.

Ilikuwa saa saba. Nilikuwa nimemaliza kuzungusha, na Mama Santino alikuwa ameshaondoka kwenye tundu mapema, amekwenda kukaa kwenye kizingiti cha mlango wake. Nikazunguka nyumba nione anaangalia nini. Mtoto alikuwa amesimama pale, hatua sita kutoka mlangoni. Kaptula, shati kubwa. Shati halikuwa jeupe; lilikuwa na rangi ya karatasi ya zamani. Hakuwa anasogea, lakini kingo zake zilitetemeka, na usiniambie ni mvuke wa joto, kwa sababu mvuke unatetemesha kila kitu, na uzio nyuma yake ulikuwa umetulia. Macho yalikuwa wazi, hayapepesi. Nilisogea kulia, nikasogea kushoto. Hayakunifuata. Yalikuwa yanaangalia palepale alipoambiwa aangalie kwenye ule ujia wa bweni kule Khartoum.

Kivuli sikukiona. Lakini saa saba nani ana kivuli?

Ningeweza kusema ni macho yangu, ni jua, ni picha iliyokaa kichwani baada ya kuangalia tundu siku tatu. Lakini mkono wake wa kulia ulikuwa umelowa. Kuanzia kiganja hadi kiwiko, unadondosha, na mchanga chini yake umekuwa mweusi. Hilo halikuwa kwenye karatasi yoyote, na mimi nilizijua karatasi zote.

"Kuol," nikasema.

"Nyamaza," Mama Santino akaniambia kutoka mlangoni. Alikuwa na bakuli la uji pembeni yake, limefunikwa. Sijawahi kuona uso wa mtu mzima ukiwa umepumzika vile. "Mtoto ya kupotea anaingia mwenyewe. Ukimfuata, unamtisha."

"Mama, hasogei."

"Amechoka. Ametembea mbali sana."

Niliona asubuhi wanawake wawili wa kanisa wakiondoka kwake wamekunja nyuso. Sasa nilijua sababu. Alikuwa amewakataza wasije Jumapili. Mtoto amerudi, mnakuja kulia nini?

Santino aliingia Jumamosi alasiri, kioo kimefungwa kwenye leso. Wale wanawake walikuwa wamemkuta njiani. Hakunisalimu.

"Umegeuza."

"Mama yako aliniomba."

"Nilikuambia nini?"

"Ulisema hafiki," nikamjibu, na nilikuwa na kiburi, Mungu anisamehe. "Hukusema anakuja."

Alikwenda mlangoni, akapiga magoti mbele ya mama yake, akasema naye kwa lugha yao. Mimi siijui lugha ile, lakini mtu akisema jambo alilolibana miaka minne, huhitaji kuijua lugha. Alifungua kiganja akamwonyesha, kitupu. Alilia. Mama yake hakumtazama. Alikuwa anaangalia juu ya bega lake, pale mchangani, na akatabasamu, akaonyesha kwa kidole.

Santino akageuka kuangalia.

Nilimwona akitafuta. Macho yake yalipita pale alipo mtoto, yakarudi, yakapita tena. Yeye aliyemchora kila unywele, miezi minane, karatasi kwa karatasi, hakuona kitu. Mimi niliyeokotwa kwa fundi wa baiskeli nilikuwa namwona.

Akasimama. "Basi," akasema kwa Kiswahili, kama anayeniambia mimi. Akaenda nyuma ya nyumba. Nikamsikia akiketi mbele ya sanduku, nikasikia pedeli ikianza kulia, upande wa mshale.

Mtoto akainua mguu na kuuweka nyuma. Kisha mwingine. Uso bado kwa mama yake.

"Aa," Mama Santino akasema, kama mtu aliyeona chungu kinataka kumwagika. Akainuka. Zile hatua sita alizitembea yeye. Aliushika mkono ule uliolowa, na mtoto hakusimama, akaendelea kurudi kinyumenyume kwa hatua yake ileile, naye mama akimfuata hatua kwa hatua, wameshikana, wanaangaliana. Wakapita uzio. Wakashika njia ya laga.

Sasa sikiliza, kwa sababu hapa ndipo watu hunywa chai yao na kudhani kisa ni cha mzimu. Santino alikuwa hatua kumi kutoka kwangu, nyuma ya ukuta wa udongo. Angeniona kama ningepiga kona. Angenisikia kama ningesema acha. Nilikuwa na ulimi, nilikuwa na pumzi. Milima ya upande wa Uganda ilikuwa imefunikwa na wingu jeusi tangu asubuhi, na niliiona. Nilisimama. Sikuwa nimeganda kwa hofu, ningependa kusema hivyo. Nilitaka kuona anaishia wapi.

Nikawafuata kwa macho hadi ukingoni, wao wanapungua, wanapungua. Kisha nikasikia mngurumo, kama malori kumi yanakuja pamoja, na watoto wa mjini wakaanza kupiga kelele na kukimbia kutoka mchangani. Ndipo miguu yangu ikakumbuka kazi yake. Nilipofika, laga ilikuwa mto. Maji ya kahawia, magogo, mbuzi mmoja akizunguka na miguu yake juu. Nyuma, kambini, pedeli ilikuwa bado inalia, au masikio yangu ndiyo yaliyoendelea kuisikia.

Nakiru alikuwa amesimama ukingoni na wanawake wenzake. Alikuwa ameshaisoma njia. "Mtoto alirudi nyumanyuma," akaniambia, bila kuniuliza chochote. "Mama alienda mbele. Hakuvutwa. Hatua ya mtu anavutwa ni ingine."

Walimpata Mama Santino baada ya siku mbili, chini sana, amenaswa kwenye miti ya mikoma. Yeye peke yake. Wanawake wa kanisa wakaja, zile nyimbo zilizopangwa zikaimbwa, ila jina likawa lingine. Mimi nilisimama nyuma. Kabla hawajamaliza nilikuwa nimepanda lori la kwenda Lodwar.

Miaka kama mitatu baadaye nilimwona Santino palepale Lodwar, juu ya ngazi, akichora kikombe cha chai kwenye ukuta wa hoteli. Kikombe kizuri, na mvuke. Alishuka aliponiona. Nilidhani atanipiga, na nilikuwa tayari. Akaagiza chai mbili.

Tuliziacha zikapoa.

"Wewe ulikuwa nje," akasema. "Siku ile nimekuwa nikiirudia. Nilimwambia ukweli bila kumwandaa. Nikamwacha akiwa na maneno yale, nikaenda kuchezea sanduku kama mtoto. Alilia alipotoka?"

"Hakulia."

"Alikimbia?"

"Alitembea tu."

Akaitikia kwa kichwa, muda mrefu. Nilielewa anavyolala usiku. Anaamini ulimi wake ndio uliomuua mama yake, kwanza kwa uongo, halafu kwa ukweli. Nami nilikuwa na jambo la kumwondolea mzigo ule, na jambo lenyewe lilikuwa zito kuupita: si ulimi wako, ndugu yangu, ni mkono wako, na mkono wako usingekuwa na kazi kama si wangu, na nilikuwepo, na nilinyamaza.

"Alikuwa peke yake?" akauliza.

"Ndiyo," nikasema.

Akanishukuru. Alinilipia chai na kunishukuru.

Tangu hapo sijakaa mji mmoja miezi sita. Kwenye vibanda vya video huwa natoka picha zikianza. Nikikutana na mtu mgeni namtazama kingo kwanza, kisha nasubiri apepese macho, ndipo namsalimu. Watu hudhani nina kasoro ya macho. Udadisi haujafa. Ningefurahi ungekufa.

Kwa hiyo wewe unayesoma, nisikilize. Ukiachiwa kazi ya mkono wa mtu, ukaambiwa upande huu tu, usitafute ule mwingine unafanyaje, hata kama anayekuomba analia, hata kama anakuita mwanangu. Na kama umeshatafuta, kama umeshaona usichopaswa kuona, na mbele yako yuko mtu anaondoka akiwa ameshikana mkono na kitu kisichopepesa macho, usisimame kuangalia. Piga kelele. Watakuita mwendawazimu, waache wakuite. Mimi hawajaniita hivyo hata siku moja.